Mke wa Waziri Mkuu na swali la shangazi yangu

Ijumaa ya tarehe 8 Julai 2022 nilikuwa Tanga, jikoni kwa shangazi, tunakuna nazi. Idi ya kuchinja ilikuwa imekaribia na nyumba imeanza kujaa wageni wa Pangani na Muheza. Saa tano asubuhi na ushei simu yangu ikatoa mlio wa habari: Shinzo Abe, aliyekuwa Waziri Mkuu wa Japani, amefariki dunia. Alikuwa amepigwa risasi akihutubia mkutano wa kampeni karibu na kituo cha treni mjini Nara, saa tano na nusu ya kwao, ambayo kwetu ni alfajiri, watu ndio kwanza wanatoka msikitini.

Shangazi hafuatilii siasa za mbali. Lakini nilipomwonyesha picha ya mke wa marehemu alifuta mikono kwenye kanga, akaishika simu, akaisogeza mbali kidogo na macho kama anavyofanya akisoma maandishi ya kwenye chupa ya dawa.

"Ana watoto wangapi huyu?"

"Hana, shangazi."

"Hata mmoja?"

"Hata mmoja."

Akarudi juu ya mbuzi, akakuna kidogo, akasimamisha mkono. "Masikini ya Mungu," akasema. "Haya, na sasa nani atakaa naye?"

Nilitaka kumuuliza hilo neno masikini kalitoa kwa ajili ya ujane au kwa ajili ya watoto. Sikumuuliza. Wakati ule nilikuwa na miaka kumi na miwili ya ndoa, sina mtoto niliyemzaa, na shangazi analijua hilo kuliko mtu yeyote. Alikuwa ananisemea mimi kwa kupitia mwanamke wa Tokyo.

Jina la Akie Abe lilikuwa kichwani mwangu tangu Agosti 2016, mumewe alipokuja Nairobi kwenye mkutano wa TICAD, ule wa Japani na nchi za Afrika kuhusu maendeleo, wa kwanza kufanyika katika ardhi ya Afrika. Magazeti ya kwetu yaliandika mengi siku zile kuhusu Japani: bandari, barabara, mikopo. Nikawa nasoma habari za mgeni huyu, na katikati ya habari zake nikakuta mistari miwili mitatu kuhusu mkewe. Kwamba walioana mwaka 1987. Kwamba walijaribu matibabu ya uzazi, hayakufaulu. Kwamba mwenyewe aliyaandika hayo, kwa jina lake, katika jarida linalosomwa na nchi nzima.

Mwaka huo mimi nilikuwa na sindano kwenye mlango wa friji, nimezificha nyuma ya chupa ya pilipili ya kusaga. Kila jioni saa mbili najifungia chooni, navuta ngozi ya tumbo kwa vidole viwili, nachoma. Mume wangu alijua. Watu wengine hawakujua, mpaka siku wifi yangu mmoja alipofungua friji kutafuta maji ya baridi. Kufika Jumapili ile ukoo mzima ulikuwa na habari, kila mtu na dawa yake ya kunipa, kila mtu na mganga wake. Tangu hapo nilijua kwamba tumbo la mwanamke aliyeolewa ni kama baraza ya nje: mpita njia yeyote anakaa na kuzungumza. Basi nikisema nilimfuatilia mwanamke huyu kwa miaka tisa, haikuwa kwa sababu ya siasa.

Akie alizaliwa Juni 1962 katika familia ya Matsuzaki. Baba yake alikuwa mkuu wa kampuni ya Morinaga, ambayo karameli na chokoleti zake mtoto yeyote wa Japani amezila. Alisomeshwa katika shule za masista wa Moyo Mtakatifu, akaajiriwa Dentsu, kampuni kubwa ya matangazo ya biashara, na bosi wake wa kazini ndiye aliyemkutanisha na kijana Shinzo. Kijana huyu hakuwa mtu wa hivi hivi. Baba yake, Shintaro Abe, alikuwa Waziri wa Mambo ya Nje. Babu yake mzaa mama, Nobusuke Kishi, alikuwa Waziri Mkuu kuanzia 1957 hadi 1960. Mdogo wake Kishi, Eisaku Sato, naye akawa Waziri Mkuu kuanzia 1964 hadi 1972.

Hapo kwa Sato nisimame kidogo, maana Akie hakuwa mke wa kwanza wa ukoo huu kufungua mdomo. Hiroko, mke wa Sato, ndiye aliyeliambia gazeti moja la kila wiki, mwishoni mwa miaka ya 1960, mumewe akiwa bado madarakani, kwamba alikuwa akimpiga. Mwaka 1974 Sato alipewa Tuzo ya Nobel ya Amani. Nimeyasoma hayo mawili mara nyingi na kila mara nalazimika kuweka simu chini.

Baba mkwe wa Akie alifariki mwaka 1991 akiwa na miaka 67. Mwaka 1993 Shinzo akachaguliwa kuwa mbunge wa Yamaguchi, na mji wa Shimonoseki ukawa ndio makao ya siasa zake. Kwa wasiojua, mbunge wa Japani wiki nzima yuko Tokyo. Anayelishika jimbo ni mkewe. Ndiye anayekwenda kwenye misiba, kwenye harusi, kwenye sherehe za shule. Anainama mbele ya wazee, anashika mikono ya wanawake wa chama, anasema maneno yale yale ya kumwombea mumewe kura. Mtoto wa tajiri wa Tokyo akajifunza kuwa mkaza mwana wa Shimonoseki. Mwishoni mwa miaka hiyo ya tisini akapata hata kipindi kwenye redio ya pale mjini, akijiita Akky, na nasikia watu walimpenda.

Lakini mke wa mbunge wa aina hii ana kazi moja juu ya zote. Kiti cha ubunge katika koo kama hizi ni urithi. Babu, baba, mtoto, mjukuu. Wafuasi wa jimboni, waliompigia kura baba na sasa wanampigia mwana, wanamtazama mke tumboni na kuhesabu miaka. Akie mwenyewe aliueleza uzito huo katika makala yake ya mwaka 2006 kwenye jarida la Bungei Shunju, mwaka ambao mumewe alikuwa Waziri Mkuu kwa mara ya kwanza. Akaeleza matibabu. Akaeleza pia kwamba mumewe aliwahi kumletea wazo la kuchukua mtoto wa kulea, na yeye hakuweza kulikubali, hakuwa na imani kwamba angemlea ipasavyo.

Hapo kwenye mtoto wa kulea ndipo nilipokaa siku nyingi, kwa sababu ya mama mkwe.

Mama mkwe wa Akie alikuwa Yoko Abe. Huyu ni binti wa Waziri Mkuu, mke wa Waziri wa Mambo ya Nje, mama wa Waziri Mkuu. Alifariki Februari 2024 akiwa na miaka 95. Nyumba ya ukoo iko Tomigaya, mtaa wa Shibuya, Tokyo, jengo la ghorofa: mama akiishi juu kabisa, Shinzo na Akie chini yake. Hata Shinzo aliporudi madarakani mwaka 2012, hakuhamia kwenye makazi rasmi ya Waziri Mkuu. Aliendelea kulala hapo. Maana yake Akie, mke wa kiongozi wa nchi ya tatu kwa uchumi duniani, aliishi na nyayo za mama mkwe juu ya dari.

Yoko alizaa wavulana watatu. Wa tatu, Nobuo, alizaliwa mwaka 1959. Kaka yake Yoko, mtoto wa Waziri Mkuu Kishi, hakuwa na mtoto, na jina la Kishi lilikuwa halina wa kulibeba. Yoko akampa kichanga wake. Nobuo akakua akijua kwamba mjomba ni baba, mpaka alipokuwa anaandaa karatasi za kuingia chuo kikuu, akaiona koseki, ile hati ya serikali inayoandikisha familia nzima, ikisema alizaliwa wapi na nani. Nobuo Kishi huyo ndiye aliyekuja kuwa Waziri wa Ulinzi mwaka 2020. Ndugu wa tumbo moja, mmoja Abe, mmoja Kishi. Na hata babu yao Kishi na Sato walikuwa ndugu wa damu wenye majina mawili kwa sababu hiyo hiyo: Kishi alizaliwa Sato, akatolewa kwa upande wa Kishi.

Kwetu pwani mtoto wa kulea ni jambo la kawaida. Dada akiwa na wanne na wewe huna, anakuletea mmoja. Anakaa kwako, anatumwa dukani, anakukanda miguu, unamsomesha. Lakini jina lake ni la baba yake na litabaki la baba yake. Dini yetu imelikaza hilo, huwezi kumwita mtoto kwa ubini usio wake. Mtoto analelewa ili nyumba iwe na mtoto. Kwa kina Kishi ni kinyume: kinachotafutwa ni mtu wa kusimama chini ya jina. Mtoto anaweza kuwa bado yuko mikononi mwa mama yake, ananyonya, na jina likamwita.

Sasa mfikirie Akie kwenye nyumba ile. Mwanamke anayelala ghorofa ya juu amewahi kumtoa mwanawe kwa ajili ya jina. Halafu wewe, mkaza mwana, unaambiwa tuchukue mtoto, na unasema hapana, sina uhakika. Wengi waliisoma hapana hiyo kama udhaifu, au anasa ya mtoto wa tajiri. Mimi naiona kama neno zito kuliko yote aliyowahi kusema mwanamke huyu. Alijua mtoto yule hangekuwa wake. Angekuwa wa jimbo. Hili ni wazo langu, yeye hakuliandika hivyo. Lakini na mimi nililetewa mtoto, mwaka 2018, binti wa wifi yangu yule yule wa friji, na kabla sijasema ndiyo nilikaa miezi mitatu nikijiuliza kama ninaletewa mtoto au ninapewa adhabu ya kufichika. Nikasema ndiyo. Sijutii hata siku moja. Ila nawaelewa wanaosema hapana.

Mumewe alianguka Septemba 2007, mwaka mmoja tu baada ya kuingia. Alikuwa na ugonjwa wa vidonda vya utumbo mpana tangu ujana, ukamzidi, akajiuzulu na kulazwa hospitali. Wengi walimzika kisiasa. Hapo ndipo Akie alipoanza kuishi maisha ya kwake. Akarudi darasani Chuo Kikuu cha Rikkyo, akamaliza shahada ya uzamili mwaka 2011. Utafiti wake ulihusu shule za nyumba za watawa wa Myanmar, nchi ambako alikuwa amesaidia kujenga madarasa. Akaanza kulima mpunga Yamaguchi, kilimo kisicho na dawa. Na mwaka 2012 akataka kufungua izakaya, yaani mgahawa mdogo wa jioni wa chakula na pombe, katika eneo la Kanda, Tokyo.

Mama mkwe hakupenda. Mume akakubali kwa masharti mawili: asinywe pombe mle dukani, na kama mwaka mmoja ukipita bila faida, afunge. Mumewe alikuwa hanywi, au anaonja tu. Yeye alikuwa anapenda. Duka likafunguliwa Oktoba 2012, likaitwa UZU, wali wake ukitoka kwenye mpunga aliolima mwenyewe. Miezi miwili baadaye mumewe akawa Waziri Mkuu tena. Duka halikufungwa.

Nampenda sana Akie wa kipindi hiki. Alijiita chama cha upinzani cha nyumbani, na hakuwa anatania. Mumewe alitaka vinu vya nyuklia viwashwe tena baada ya maafa ya Fukushima. Mkewe akasema hadharani hataki. Baada ya tsunami ya Machi 2011 serikali ilipanga kujenga kuta za zege kwenye pwani ya kaskazini mashariki, jumla kama kilomita 400, pengine zikipanda zaidi ya mita 14. Akie akaenda kukaa na wanavijiji waliosema ukuta huo utawatenga na bahari inayowalisha, akausema huo msimamo mbele ya watu wa chama cha mumewe. Mimi nimekulia Raskazone, dirisha la chumba changu likitazama mashua za wavuvi. Najua mvuvi asiyeiona bahari anakuwa kama mtu aliyefungwa kitambaa usoni. Mwaka 2016 akatokea ghafla Takae, Okinawa, kwenye kambi ya watu wanaopinga viwanja vya helikopta za jeshi la Marekani. Wenyeji hawakujua wamkaribishe au wamfukuze. Yeye alisema alitaka kuona kwa macho yake.

Alishikana mikono na mumewe wakishuka kwenye ndege, jambo ambalo wake wa viongozi wa Japani hawakuwa wakilifanya. Desturi ni mke kuwa hatua kadhaa nyuma. Alijifunza Kikorea. Alikuwa na kijibwa, Roy. Ukimtazama kwa mbali unaona mwanamke aliyetafuta mlango wa kutokea kila mahali na akaupata.

Lakini siwezi kuandika habari zake nikaishia kwenye mpunga na mashua. Kuna mambo ya Osaka, na hapa wengi wanaompenda huwa wanageuza uso. Mimi sitageuza.

Mwanamume mmoja aitwaye Yasunori Kagoike alikuwa na shule ya chekechea Osaka ambako watoto walikaririshwa amri za kifalme za zamani, na alitaka kujenga shule ya msingi. Septemba 2015 Akie alikwenda kuhutubia pale chekechea na akakubali jina lake liwekwe kama mkuu wa heshima wa shule hiyo mpya. Juni 2016 serikali ikamuuzia Kagoike kiwanja cha umma Toyonaka kwa yeni milioni 134. Thamani iliyokadiriwa ilikuwa yeni milioni 956. Sababu iliyotolewa ya punguzo hilo ni gharama ya kuondoa takataka zilizofukiwa ardhini. Habari ilipolipuka Februari 2017, Abe alisimama bungeni akasema ikithibitika yeye au mkewe walihusika, ataacha uwaziri mkuu na ubunge.

Maneno hayo yaliua mtu. Sijui namna nyingine ya kuyaeleza.

Baada ya kauli hiyo, maafisa wa Wizara ya Fedha waliamriwa kubadilisha nyaraka za mauzo yale. Hati kumi na nne zilifutwa na kuandikwa upya, na jina la Akie likaondolewa. Katika hati za awali kulikuwa na maelezo kwamba, kwa mujibu wa upande wa shule, Akie alikiona kiwanja na kusema ni ardhi nzuri, endeleeni. Mmoja wa waliolazimishwa kufanya kazi hiyo alikuwa Toshio Akagi, afisa wa ofisi ya wizara ya kanda ya Kinki, ndiyo kanda ya Osaka. Alikuwa mtu wa kuwaambia wenzake kwamba mwajiri wake ni wananchi wa Japani. Kazi ile ilimvunja. Tarehe 7 Machi 2018 alijiua, akiwa na miaka 54. Siku tano baadaye wizara ikakiri kwamba nyaraka zilibadilishwa. Waendesha mashtaka hawakumfikisha yeyote wa wizara mahakamani.

Na Akie? Machi 2017 Baraza la Mawaziri lilitoa tamko rasmi kwamba mke wa Waziri Mkuu ni mtu binafsi. Kagoike aliitwa bungeni, akala kiapo, akasema Akie alimpa bahasha ya yeni milioni moja kwa niaba ya mumewe. Akie alikanusha usiku huo huo kwenye Facebook. Wapinzani walidai naye aitwe, aape, aulizwe. Chama tawala kikakataa mara zote. Ni mtu binafsi. Wakati huo mtu binafsi huyu alikuwa na watumishi watano wa serikali waliopangiwa kumsaidia, na mmoja wao ndiye aliyemtumia Kagoike faksi kumjibu maswali yake kuhusu kiwanja.

Hili ndilo jambo ambalo limenikaa miaka yote hii, na ndilo lililonifanya niandike. Mwaka 2006 tumbo la mwanamke huyu lilikuwa mali ya jimbo. Kila mtu alikuwa na haki ya kuuliza, hata akaona bora ajieleze mwenyewe kwa maandishi. Mwaka 2017 swali lilipohusu kiwanja cha umma, faksi na jina lake lililoandikwa kwenye hati za serikali, ghafla akawa na faragha. Alipewa sitara pale ambapo hakuistahili, na akanyimwa pale ambapo kila mwanamke anaistahili. Na wote wawili, anayempa na anayemnyima, ni wanaume wale wale wa chama.

Naamini alipaswa kwenda bungeni. Mtu anayesema nataka kuona kwa macho yangu, mtu aliyefunga safari hadi Takae kukaa na wanaompinga mumewe, angeweza kukaa kwenye kiti na kujibu. Nasema hivyo kwa sababu namheshimu. Kumwambia mwanamke wa miaka hamsini na kitu kwamba haulizwi maana yeye ni mke tu, ni kumrudisha ghorofa ya pili chini ya nyayo. Sijawahi kusoma mahali popote kwamba yeye mwenyewe aliomba asiitwe. Wala sijasoma kwamba aliomba aitwe. Na Machi 2020, mjane wa Akagi alipochapisha maandishi aliyoyaacha mumewe, picha za Akie zilizokuwa zikizunguka zilikuwa za mkusanyiko wa chini ya maua ya micheri. Ziliniuma kama picha za ndugu yangu mwenyewe aliyekosea.

Tunarudi Julai 2022. Asubuhi ile walikula kifungua kinywa pamoja, akamsindikiza mumewe mlangoni. Baadaye simu. Kutoka Tokyo alipanda treni ya kasi hadi Kyoto, kisha akaendelea kuelekea hospitali ya chuo kikuu cha tiba iliyoko Kashihara. Alifika saa kumi na moja kasoro dakika tano jioni. Mumewe alitangazwa kufariki saa kumi na moja na dakika tatu. Madaktari walikuwa wamepambana zaidi ya saa nne. Nimehesabu dakika hizo nane mara nyingi. Kwenye maziko, tarehe 12 Julai katika hekalu la Zojoji, yeye akiwa ndiye mfiwa mkuu, aliwaambia waombolezaji kwamba alipomshika mumewe mkono alihisi kama naye ameushika wake.

Kisha akazungumzia majira. Yoshida Shoin, mwalimu wa Yamaguchi aliyenyongwa... hapana, alikatwa kichwa mwaka 1859 akiwa hajafika miaka thelathini, aliandika akingoja kifo kwamba maisha yana majira yake manne, yawe mafupi au marefu. Maneno hayo baba mkwe wake aliyapenda. Akie akasema mumewe naye, kwa miaka yake 67, ile ile aliyofia baba yake, alipata majira yake yote, na ameacha mbegu nyingi zitakazochipua. Mwanamke asiye na mtoto, mbele ya wazee wa ukoo waliosubiri mrithi miaka thelathini na mitano, akasema mbegu. Sikulia siku ya habari ya kifo. Nililia niliposoma hapo.

Wengi walitaka arithi kiti. Hakugombea. Aprili 2023 alimpigia kampeni diwani wa Shimonoseki, mtu wa nje ya ukoo, na ndiye aliyeshinda. UZU alikuwa ameshaifunga mwishoni mwa Oktoba 2022, baada ya miaka kumi. Mpunga bado yupo nao. Desemba 2024 alikuwa Florida akila chakula cha jioni na Donald Trump na mkewe kabla Waziri Mkuu wa nchi yake hajapata nafasi hiyo. Mei 2025 alikuwa Kremlin kwa Vladimir Putin. Mtu binafsi bado, kwa mujibu wa karatasi.

Mjane wa Akagi naye hakukaa kimya. Aliishtaki serikali, Desemba 2021 serikali ikakubali kulipa fidia yote, zaidi ya yeni milioni 100, na kwa kukubali huko kesi ikafungwa kabla mashahidi hawajahojiwa. Alikuwa hakutaka pesa, alitaka kujua. Akaendelea kudai nyaraka. Januari 2025 Mahakama Kuu ya Rufaa ya Osaka ikampa haki, na kuanzia Aprili mwaka huo wizara ikaanza kumkabidhi maelfu ya kurasa.

Mwezi uliopita nilikuwa tena Tanga. Shangazi sasa macho yamepungua zaidi, nazi nakuna mimi, na binti yangu anachuja tui. Huwa namsimulia habari za Japani kama watu wanavyosimuliana tamthilia, na siku hiyo aliniuliza, "Yule mama wa Kijapani yuko wapi siku hizi?" Nikamwambia anasafiri, analima. Akatikisa kichwa, akanyamaza kidogo.

"Na yule mjane mwingine?"

Nikamwambia huyo bado anasoma makaratasi.